Ndege Ndogo za Visiwani: Namna ya Kupanga Likizo ya Mafia, Pemba na Unguja

Shemeji yangu aliachwa na ndege akiwa sokoni Kilindoni, anachagua pweza. Kwa hesabu yake hakuwa amechelewa hata kidogo. Alikuwa na saa sita mkononi. Ujumbe wa simu ulisema ndege inaondoka 08:15, naye akausoma kama wengi wetu tunavyosoma tukiwa na haraka: saa nane na robo, mchana. Ndege ya saa mbili na robo asubuhi ikampitia juu ya kichwa, maana uwanja wa Mafia umepakana na mji, na muuza pweza ndiye aliyemwambia, "Hiyo ndiyo ya Dar, kaka." Ya mchana ilikuwa imejaa. Akaondoka kesho yake, tiketi yake ya Unguja ikiwa imeshakufa, na chumba alichokwisha kukilipia Jambiani kikalala bila mtu.

Tangu hapo safari za visiwani za ukoo wetu napanga mimi. Sina elimu ya urubani wala ofisi ya utalii. Nina daftari, na makosa ya watu wazima kadhaa yameandikwa humo. Ninayoyaeleza hapa ni kwa mtu anayetaka kutembelea visiwa viwili au vitatu vya pwani yetu kwa likizo moja, akitumia zile ndege za abiria kumi na wawili ambazo unaweza kumgusa rubani bega.

Hatua ya 1: Amua bahari ipi uiruke na ipi uivuke

Si kila kipande cha safari kinastahili ndege. Watu wakisikia "dakika ishirini tu" kutoka Dar hadi Unguja wanaona wameokoa siku nzima. Piga hesabu yote. Unatoka nyumbani, unaikabili Barabara ya Nyerere na foleni zake, unatakiwa uwe kaunta saa moja kabla, unaruka hizo dakika 20, unangoja begi, kisha unatafuta gari la kukupeleka mjini. Mtu wa Kinondoni haipungui saa tatu. Boti ya mwendo kasi inatoka bandarini, katikati ya jiji, inachukua kama saa mbili na kukushusha Malindi, hatua chache kutoka Mji Mkongwe. Kwa kipande hicho mimi hupanda boti, isipokuwa nikiwa na mtu anayetapika baharini, au tukiwa tumeshuka na ndege nyingine kutoka Mwanza, Arusha au Nairobi na tayari tuko uwanjani.

Mafia ni habari nyingine kabisa. Kwa njia ya maji inabidi ushuke kwa gari kutoka Mbagala, uingie Wilaya ya Kibiti hadi Nyamisati, halafu ungoje chombo ambacho nacho kinaangalia maji: yakiwa yamekupwa, mlango wa mikoko haupitiki ovyo. Kwa ndege ni kama kilomita 125 kutoka Dar, nusu saa hivi. Kwa Mafia sibishani na mtu, ruka. Ukiwa na siku nyingi na unapenda vituko vya bandarini, nenda kwa maji, lakini hiyo iite safari, usiiite likizo.

Pemba iko katikati. Kutoka uwanja wa Unguja hadi uwanja wa Pemba ni kilomita 125 nyingine, nusu saa tena, na boti zipo zinazotia nanga Mkoani. Ila bahari ya Nungwi wanaijua Wapemba wenyewe. Wakati wa kusi ule mkondo unakuinua na kukutupa mpaka mtu anaanza kuwasamehe wadeni wake. Ushauri wangu ni kwenda kwa ndege na kurudi kwa boti, au kinyume chake, kulingana na upepo wa mwezi huo.

Na ujue tangu mwanzo kwamba Mafia na Pemba hazishikani mkono. Zinaonekana jirani kwenye ramani ya simu, lakini kutoka moja kwenda nyingine utapita Dar na Unguja. Yeyote anayekuuzia ratiba ya kulala Mafia leo na kunywa chai ya asubuhi Pemba kesho, mwombe akuchoree njia kwenye karatasi.

Hatua ya 2: Kisiwa chenye mlango mmoja kiwe cha kwanza

Kama utasahau mengine yote, hili libaki. Unguja ina milango mingi: ndege kubwa, ndege ndogo, boti kadhaa kwa siku. Mmoja ukifungwa unatokea mwingine. Mafia ina mlango mmoja na nusu. Kwa hiyo Mafia iwe mwanzo wa likizo, Pemba ifuate, Unguja iwe mwisho. Ndege ya Mafia ikiahirishwa siku moja, utapunguza usiku mmoja wa Unguja na likizo itaendelea. Ukipanga kinyume, yaani ukiacha Mafia iwe ya mwisho na keshoye una ndege ya kurudi Muscat au Amsterdam, wingu moja tu juu ya Kilindoni linaweza kukugharimu tiketi ya mamilioni.

Mfano wa siku tisa ninaoutumia mara nyingi: siku ya kwanza asubuhi Dar hadi Mafia, usiku tatu. Siku ya nne Mafia, Dar, Unguja, na ulale Unguja hata kama ndege ya Pemba ipo jioni hiyo. Siku ya tano asubuhi Pemba, usiku mbili. Siku ya saba rudi Unguja, na usiku mbili za mwisho zibaki hapo kama akiba. Siku ya tisa unapanda boti au ndege, upendavyo.

Huo usiku mmoja wa kulala njiani Unguja watu huwa wanauona hasara. Vipande vitatu vya ndege ndogo kwa siku moja maana yake kila kipande kinabeba kuchelewa kwa kile cha kabla yake. Ndege hizi hufanya kazi kama daladala. Ile itakayokuchukua Mafia imeanza sehemu nyingine asubuhi, imeshusha, imepakia, labda imetua kiwanja cha tatu kumchukua abiria mmoja. Dakika kumi kumi zikijumlishwa, kufika alasiri ni saa nzima.

Na ndege ndogo usiiweke kamwe siku moja na ndege kubwa ya kimataifa. Lala usiku mmoja mji ule ule itakapoondokea ndege kubwa.

Hatua ya 3: Tazama upepo kabla ya bei

Mwaka wetu wa pwani unajulikana. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi huanza baada ya masika na kukaza Juni, Julai na Agosti, vuli hunyesha Novemba na kuendelea Desemba, na masika yenyewe ni Machi hadi Mei. Kwa ndege ndogo, asubuhi za Januari na Februari ni tulivu kama sahani ya maziwa. Wakati wa kusi ndege huruka vizuri tu, ila hutikisika, na upepo ukija wa ubavuni rubani anaweza kuizungusha tena kabla ya kutua. Usishtuke akipaa upya. Anachofanya ni kukataa kutua vibaya, na ndicho unachomlipia.

Aprili na Mei mimi sipeleki mtu. Hoteli kadhaa za ufukweni hufunga, ndege hupungua, na mvua ya masika ikikaa haina adabu ya kuondoka saa ya ndege yako. Kama kazi yako haikupi nafasi nyingine, kaa Unguja pekee, ule vizuri, usome vitabu.

Panga pia kwa unachokwenda kukiona. Papa potwe, yule samaki mkubwa mwenye madoa meupe mgongoni, huonekana upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari na mara nyingine Machi. Vifaranga vya kasa huanguliwa kisiwa cha Juani, ng'ambo ya ghuba ya Chole, zaidi kati ya Juni na Septemba. Mtu aliyekwenda Mafia Julai kwa ajili ya potwe amekwenda kuangalia maji.

Kisha kuna kalenda ya watu. Wiki ya Idi, viti vya Pemba huisha mapema kwa sababu kila Mpemba wa Dar anataka kula sikukuu kwao. Hatari yake ni kwamba tarehe haijulikani mpaka mwezi uandame, kwa hiyo ukikata tiketi ya mkesha, unaweza kujikuta umefika kwenye Idi yenyewe au siku moja kabla ya matarajio. Kata ya siku mbili kabla. Tamasha la muziki la Sauti za Busara mwezi Februari na likizo za shule za Juni na Desemba nazo hujaza ndege za Unguja. Na ukienda Pemba Ramadhani, beba tende na maji yako ya safari, na ule faraghani. Migahawa mingi mchana imefungwa.

Saa ya kuruka nayo ni sehemu ya hatua hii. Chukua ndege ya kwanza ya asubuhi kila inapowezekana. Hewa huwa imetulia, mawingu ya joto hayajapanda, na ikitokea ndege imeharibika una mchana mzima wa kutafuta njia. Nyingi ya ndege hizi hazina kazi usiku, na ukiachwa na ya alasiri ujue umelala.

Hatua ya 4: Kukata tiketi

Kampuni zinazojulikana kwenye njia hizi ni pamoja na Auric Air, Coastal Aviation, Flightlink na ZanAir, na kwa Dar na Unguja zipo pia Precision Air na Air Tanzania zenye ndege kubwa zaidi. Ratiba hubadilika kwa msimu, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana iliyoko kwenye simu ya rafiki yako haina thamani. Angalia tovuti ya kampuni, kisha piga simu. Narudia, piga simu. Ndege ya viti kumi na viwili inaweza kuonekana imejaa mtandaoni, kumbe kuna kikundi kimejitoa asubuhi hiyo hiyo.

Ukiwa unaongea nao uliza maneno haya, na uandike majibu. Je, kuna bei ya mkazi, na ni kitambulisho gani kinachotakiwa? Tozo za uwanja zimo kwenye bei au nitadaiwa mlangoni? Mzigo ni kilo ngapi, na ya ziada inalipiwa vipi? Nikibadilisha tarehe nakatwa kiasi gani? Na swali ambalo watu hawaulizi: ndege inakwenda moja kwa moja au inatua njiani? Pemba, kwa mfano, kuna wakati ndege hupitia Tanga. Kwa mtu wa Tanga hiyo ni neema, hana haja ya kuteremka Dar kabisa. Kwa mwenye mtoto mchanga ni kupaa mara mbili na kutua mara mbili, na masikio ya mtoto yataeleza.

Vipande vinavyofuatana siku moja vikate kwa kampuni moja, tiketi moja. Mafia hadi Dar ikichelewa na Dar hadi Unguja ni ya kampuni ile ile, tatizo ni lao. Ukikata kwa kampuni mbili, ya pili haina habari na wewe. Tena Dar majengo ni matatu. Ndege ndogo nyingi hutumia Jengo la Kwanza, ambalo madereva wa teksi wanaliita uwanja wa zamani. La Pili na la Tatu yako upande mwingine, na la Tatu, lililofunguliwa 2019, ni la safari za nje. Si umbali wa kukokota mabegi juani. Mwambie dereva jina la jengo kabla hujapanda gari, siyo mkishafika mzunguko.

Mkiwa tisa au kumi, uliza bei ya kukodi ndege nzima. Watu hudhani hayo ni mambo ya matajiri, lakini gawanya kwa kichwa uone. Safari ya harusi ya Chake Chake tulikaribia bei ya kawaida, na ndege ikaondoka bibi harusi alipokuwa tayari. Ukikodi, hakikisha kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Mtu mwenye picha nzuri za ndege kwenye WhatsApp na namba ya kutuma pesa iliyosajiliwa kwa jina la mtu binafsi, mpite.

Hatua ya 5: Mzigo

Hapa ndipo likizo nyingi hugombana. Ndege inayotumika sana ni Cessna Caravan, injini moja mbele, mabawa juu, na tumbo la mizigo chini ya sakafu. Tumbo hilo ni refu na jembamba. Begi gumu la matairi lenye umbo la kabati haliingii, hata likiwa na kilo nane. Begi laini la kitambaa hukunjwa, husukumwa, huingia. Kiwango cha kawaida ni kilo 15 kwa mtu, na mara nyingi hizo ni pamoja na mkoba wa mkononi, siyo kando yake.

Pima nyumbani. Kama huna mzani wa mabegi, simama kwenye mzani wa bafuni ukiwa umelibeba, kisha simama bila begi, toa. Muuza nyanya yeyote wa sokoni pia atakupimia kwa mia tano na utani juu.

Wewe mwenyewe nawe utapimwa. Siku ya kwanza kumpeleka mama Mafia, kijana wa kaunta alikuwa na adabu zote. "Shikamoo mama. Naomba upande hapa kidogo."

"Marahaba mwanangu. Nipande mzani? Mimi ni gunia la mchele?"

"Hapana mama, ni rubani tu anataka kujua."

"Rubani huyo mama yake amempima?"

Watu wote foleni wakaangua kicheko, naye akapanda akiwa ameshika mkoba wake kifuani, jambo ambalo kijana alilikubali kwa busara kubwa. Sababu ni ya kweli: kwenye ndege ndogo tofauti ya kilo sitini kati ya kiti cha mbele na cha nyuma rubani anaihisi mikononi. Ndiyo maana unaweza kupangiwa kiti na kutenganishwa na mkeo. Msibishe. Na mkiona watu wanene wanaletwa mbele, msicheke kwa sauti.

Cha kuacha nyumbani: nusu ya nguo. Visiwani utavaa kanga, kikoi na fulana mbili. Taulo hoteli zinazo. Vyakula vya watoto viko Unguja, na Pemba ukikaa Chake. Mafia ndiko beba dawa zako zote, maziwa ya kopo ya mtoto kama anatumia aina maalumu, na betri ya akiba ya simu, ambayo lazima iwe mkononi, siyo kwenye begi la chini.

Zawadi za kurudi nazo zina sheria yake. Halua ya Pemba iwe kwenye kikapu chake, ifungwe vizuri, ibebwe mkononi. Doriani usithubutu, hata ukilificha kwenye matabaka matatu ya nguo, harufu yake itajitambulisha yenyewe kabla hujafika mzani. Fenesi bivu ni ndugu yake. Samaki wa kukausha na pweza viwe kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana, na uulize kwanza. Karafuu ya mkono mmoja ya kutia kwenye pilau haina neno, lakini usijaribu kubeba magunia ukijifanya mtalii: biashara ya karafuu Zanzibar iko chini ya shirika la serikali, ZSTC, na magendo yake hayachukuliwi kama mzaha Pemba. Makombe ya baharini, matumbawe na magamba ya kasa acha yalipo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku pande zote mbili, Zanzibar tangu muda mrefu na Bara tangu Juni 2019, kwa hiyo fungasha kwa kikapu cha ukili, ambacho kwa bahati nzuri ndicho mzigo laini kuliko yote.

Hatua ya 6: Karatasi

Mtanzania abebe kitambulisho cha NIDA au pasi, Mzanzibari chake cha ukaazi. Mkenya, Mganda au Mkongomani abebe pasi ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na asishangae kukuta dawati la uhamiaji Unguja ingawa ametoka Dar. Mgeni asiye Mtanzania anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya safari ya Zanzibar, iliyoanza kudaiwa Oktoba 2024. Inakatwa mtandaoni, afanye hivyo kabla ya kufika dirishani. Mama mjamzito wa miezi ya mwisho awe na barua ya daktari.

Hatua ya 7: Mkesha na asubuhi ya safari

Saa. Ukishapata tiketi, chukua kalamu na uandike saa yetu kando ya saa yao. 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi. 08:15 ni saa mbili na robo asubuhi. 14:00 ni saa nane mchana. Kanuni, kwa ndege hizi za mchana, ni kutoa sita, au kuongeza sita ikiwa ni kabla ya 07:00. Kisha watumie wenzako wote saa ya Kiswahili pamoja na neno "asubuhi" au "mchana". Kwenye kundi la familia mimi naandika kwa herufi kubwa, na shemeji anatakiwa kujibu kwa sauti yake mwenyewe akitaja muda. Anakereka, lakini anajibu.

Jioni ya mkesha piga simu kuthibitisha. Ndege hizi zinaweza kusogezwa mbele pia, siyo kuchelewa tu. Kama abiria wote wameshafika, hakuna anayemngoja asiyekuwepo. Angalia na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, boti ndizo huathirika kwanza, na abiria wa boti wote hukimbilia ndege. Siku hiyo kiti chako kina thamani, usikichezee.

Kama umezamia kwa mtungi, hesabu saa. Baada ya kuzamia mara moja ni angalau saa 12 kabla ya kuruka, ukiwa umezamia mara kadhaa ni 18, na walimu wengi wa uzamiaji wanataka 24. Watu hujidanganya kwamba ndege ndogo hairuki juu sana. Kibini yake haijazwi hewa kama ya ndege kubwa, na mapovu ya hewa kwenye damu hayajui kusoma jina la kampuni. Siku ya mwisho ya Mafia tembea magofu ya Chole, au kaa tu.

Kunywa chai nyepesi. Choo hakuna ndani ya Caravan, na hili waambie watoto kwa lugha wanayoielewa kabla ya kuingia, siyo mkiwa juu ya bahari. Peremende kwa wakubwa, ziwa au chupa kwa mtoto mchanga wakati wa kushuka, masikio yatafunguka. Kwa anayechafukwa, kiti cha katikati usawa wa bawa ndicho kinachotikisika kidogo.

Ukiruhusiwa kuchagua kiti, fanya hivi. Dar kwenda Mafia kaa kulia: utaona delta ya Rufiji, mito myembamba ikijikunja ndani ya mikoko na maji ya rangi ya chai ya maziwa yakiingia kwenye buluu. Unguja kwenda Pemba, tafuta kisiwa cha Mnemba na mviringo wake wa miamba. Unapokaribia Pemba vilima vya mikarafuu hutokea ghafla, kijani kibichi mno kwa aliyetoka Dar wakati wa kiangazi. Na kiti cha kando ya rubani kikitolewa, kichukue, lakini mikono juu ya mapaja. Mpwa wangu wa miaka ishirini na mbili, mtu mzima, alikatazwa mara mbili kugusa.

Hatua ya 8: Ndege ikiahirishwa

Itatokea. Usianze kwa ugomvi. Wahudumu wa kaunta ndogo ni wawili au watatu, na yule unayemfokea ndiye atakayeamua nani anapanda ya kesho. Uliza jambo moja kwa upole: tatizo ni hewa au ni chombo? Hewa ikiwa ndiyo sababu, subirini pale pale, mara nyingi dirisha hufunguka baada ya saa moja au mbili. Chombo kikiwa kibovu, omba waandike jina lako kwenye ndege ifuatayo papo hapo, na uombe ujumbe wa maandishi unaoeleza kuahirishwa. Hoteli na bima wataudai. Kisha pigia simu hoteli ya mbele kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote. Hoteli nyingi za visiwani zinajua shida hii na hukuhamishia usiku ukiwaarifu mapema. Wasichosamehe ni kimya.

Tenga fedha ya usiku mmoja wa ziada tangu siku ya kupanga, kwenye bahasha au kwenye simu, na usiiguse. Likizo yangu ya mwaka juzi bahasha hiyo ilirudi nyumbani nzima, nikanunulia bati.

Hatua ya 9: Ukishatua

Mafia utatembea kwa miguu kutoka ndegeni hadi kwenye jengo, na bajaji ziko nje. Kama unalala Utende, ni kama kilomita 15, na njiani utalipa kiingilio cha Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995. Uliza hoteli yako kiwango na namna ya kulipa kabla, usianze kutafuta mtandao getini. Toa fedha taslimu Kilindoni, kwa NMB au kwa wakala, kwa sababu ukishavuka kwenda Chole au Juani mashine hakuna.

Pemba uwanja uko kilomita chache nje ya Chake Chake. Teksi hukutana na ndege, lakini kama hakuna ndege nyingine karibu nazo huondoka, kwa hiyo usiingie chooni kwa muda mrefu. Benki ya Watu wa Zanzibar ipo Chake. Unguja uwanja uko karibu sana na mji, na daladala ya 505 itakufikisha mjini kwa hela ndogo ukiwa na begi lile laini. Ukiwa na begi gumu la matairi, kondakta atakutazama kama kijana wa kaunta alivyomtazama mama, ila huyu hatakuamkia.

Na kabla hujatoka uwanjani, ukiwa bado umesimama mbele ya kaunta, mwonyeshe mhudumu tiketi yako ya kurudi na umuulize saa. Mwache aitaje yeye, kwa Kiswahili.